Mbuzi Aliyefundishwa Kunyamaza

Saa moja na nusu asubuhi, kijijini Magamba, nje kidogo ya Mpanda. Specioza, mwanamke wa miaka arobaini na sita anayejulikana na wote kwa jina la Mama Melkior, anapiga debe tupu kwa mchi nyuma ya mbuzi sita waliopangwa mstari. Kila mmoja amevalishwa shogi, ile mikoba miwili ya ngozi inayoning'inia ubavuni, na ndani yake kuna mawe. Mbuzi watano wanaendelea kutafuna. Wa sita anaruka, anamwaga mawe yote na kutimkia kwenye mihogo.

Mama Melkior hamfukuzi. Anasema huyo basi, atauzwa. Anayekimbia debe atakimbia bunduki, na akikimbia porini atakwenda na unga wa watu.

Kisha anatupa mchi chini kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika. Ana hasira tangu Julai ya mwaka jana, 1954, na wala hajisumbui kuificha.

Kazi yake ya kuwakodisha wawindaji mbuzi wa kubeba mizigo aliianza miaka tisa iliyopita, mumewe alipofariki kwa malale. Magari ya wawindaji hukomea chini ya vilima vya Mlele. Punda hawafai, maana mbung'o huwamaliza kabla msimu haujaisha. Mbuzi wadogo wa huku ndio wanaostahimili. Mmoja hubeba ratili ishirini za unga, chumvi na mablanketi, na kwa siku humwingizia mwenyewe senti thelathini. Si fedha ya kujengea nyumba ya bati, lakini ndiyo iliyomsomesha Melkior mpaka darasa la sita.

Kuchagua hakuna anayemfundisha. Huwataka mabeberu waliohasiwa wakiwa wadogo, wenye kifua kipana na kwato zilizobana. Magoti ya nyuma yakigusana, hamtaki hata kwa bure.

“Watu wanatazama unene,” anasema. “Mnene ni wa sufuria. Mimi natazama anavyosimama akiwa amechoka.”

Baada ya debe huja somo gumu. Mama Melkior ana ngozi kuukuu ya chui. Huitandaza upande unakotoka upepo, mbuzi wakiwa wamefungwa kwenye vigingi. Anayelia hapati kitu. Anayenyamaza na kutulia hulamba chumvi ya Uvinza kiganjani mwake. Miezi minane ya hivyo, mpaka harufu ile iwe kwao kama harufu ya majani. Porini mbuzi mmoja akilia hufukuza wanyama wa kuwindwa na kuwaita wanaokula nyama, na kundi zima huangamia.

Hakuna aliyelijua somo hilo vizuri kuliko Nyapara, beberu mweusi aliyekuwa akiongoza msafara kwa miaka mitano. Aliitwa hivyo kwa sababu alitembea mbele akiwa ameinua kichwa, kama mtu mwenye fimbo na mamlaka. Wenzake hawakuvuka mto mpaka yeye avuke.

Julai hiyo mwindaji mmoja wa Kizungu alikodi mbuzi wanane kwa siku kumi na moja. Yaliyotokea yalisimuliwa na Alois, mpishi wake, mtu wa Ilembo, aliyerudi na mbuzi saba na uso wa msiba.

Siku ya tisa bwana huyo alikuwa bado hajapata chui wake. Akaamuru Nyapara afungwe kwenye mti awe chambo. Alois alimweleza kwamba huyo ndiye kiongozi, achukue mwingine yeyote. Akajibiwa kwamba mbuzi ni mbuzi.

Saa kumi jioni bwana akapanda ulingoni na bunduki yake, akasubiri chambo kilie kimwite chui. Nyapara hakulia. Bwana akamtupia vijiwe. Hakulia. Alisimama palepale alipofungwa, kimya, kama alivyofundishwa. Chui alimjia kwa nyuma, na mwindaji alipozinduka na kufyatua, risasi iliingia kwenye mti. Usiku ule kambini alilalamika kwamba amekodishwa mbuzi bubu.

Mama Melkior anapofika hapo ananyoosha kiganja chake.

“Angelia angepona. Yule bwana angegeuka, angepiga mapema,” anasema. “Nani alimnyamazisha? Mimi. Kwa chumvi yangu, kwa mkono wangu huu.”

Mbuzi saba waliobaki walikataa kuvuka mto Katuma bila kiongozi wao. Alois aliwabeba mmoja mmoja begani. Pamoja nao alileta fidia ya bwana: beberu mnene wa sokoni, bado ana kamba ya muuzaji shingoni. Mama Melkior alimrudisha siku hiyohiyo. Majirani walimwona mjinga, nyama inakuja mlangoni unaifukuza. Miaka mitano ya mnyama hailipwi kwa ratili za mafuta, na anayedhani inalipwa hajawahi kufuga chochote isipokuwa tumbo lake.

Sasa barua imekuja, na Alois ndiye aliyeisoma. Bwana yuleyule anarudi mwezi ujao. Anataka mbuzi kumi, na ameongeza kwamba safari hii angependa angalau mmoja anayelia.

Mama Melkior akikataa, msimu umempita, maana hakuna mwindaji mwingine aliyeagiza. Akikubali, anawakabidhi watoto wake kwa mkono uleule. Siku tatu hakulala vizuri. Siku ya nne alimwita Alois aje na kalamu.

Hajawahi kupanda vilima vya Mlele. Wanaokwenda huko ni wanaume, na shemeji zake wamekwisha kumwambia kwamba mwanamke kambini kwa wawindaji ni aibu ya ukoo. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaandalia ugali, akaendelea na mpango wake.

“Nimemwambia Alois aandike hivi,” anasema, huku akikaza mkanda wa shogi tumboni mwa mbuzi wa kwanza. “Mbuzi kumi watakwenda, na mimi wa kumi na moja. Jioni nitawafunga mimi, asubuhi nitawafungua mimi. Hataki, basi abebe sufuria zake kichwani.”

Anaulizwa: na bwana akikosa chui tena, akatafuta chambo?

Mama Melkior anasimama, anafuta mikono kwenye kanga.

“Anifunge mimi,” anasema. “Mimi sikufundishwa kunyamaza.”