Mama Mwiko na Chujio la Bibi

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi imeshapita, na somo lilipaswa kuanza saa mbili. Katika ukumbi mdogo nyuma ya zahanati, sufuria tatu za uji ziko juu ya majiko ya mkaa. Mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni anazipitia moja moja, mwiko mkononi.

"Wewe, maji! Nani amekuambia uongeze maji?"

"Unashika chini, mwalimu," anajitetea mama mmoja.

"Unashika kwa sababu hukorogi. Umesimama hapo unasimulia harusi. Koroga!"

Wenzake wanacheka. Yeye hacheki. Anachota uji kwa kijiko na kukigeuza juu chini. Uji unabaki palepale.

"Huu ndio wa mtoto," anasema. "Unaotiririka kunywa mwenyewe ukitoka kazini."

Mtaani wanamwita Mama Mwiko, na jina limemganda. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Sasa ni mwaka wa tisa anawafundisha akina mama kupika chakula cha watoto wadogo. Posho anayopewa huishia kwenye mkaa, na karanga za somo mara nyingi hutoka jikoni kwake.

Hayo hayasemi mwenyewe. Anayeyasema ni mlinzi wa zahanati, ambaye kila Jumamosi humtekea maji mapema, kisha akiulizwa anajifanya hajui ndoo zilijaaje.

Mama Mwiko anasema jambo moja tu, kwamba amechoka.

"Wakiwa hapa wanapika utadhani hoteli. Wakifika nyumbani sijui wanaingiwa na nini! Unampima mtoto, mshale wa mizani umesimama palepale. Unamuuliza mama, anakuapia kwamba anapika kama ulivyomfundisha. Sasa hicho chakula kinakwenda wapi?"

Swali hilo lilimkaba zaidi miezi miwili iliyopita, kwa sababu ya msichana wa mwaka mmoja na miezi minne, mdogo kiasi kwamba darasa zima linamwita Kidoti. Mama yake hushona vifungo kwenye karakana ya sare na huondoka nyumbani alfajiri. Darasani ndiye mwanafunzi bora. Hakosi, hachelewi, na mtoto wa mwenzake akilia, yeye ndiye wa kwanza kumpokea.

Hata hivyo Kidoti alipimwa mara mbili na hakuongezeka hata kidogo. Muuguzi akasema wazi kwamba asipoongezeka mara ya tatu atalazwa, na mama akae naye wodini. Msimamizi wa karakana naye alikuwa ameshatangaza lake: mashine ya mtu asiyekuja hukaliwa na mwingine.

"Nilimgombeza yule binti mbele za watu," anakumbuka Mama Mwiko. "Nikamwambia unanidanganya, hupiki. Akalia. Nikasema basi, nitakwenda kuangalia mwenyewe."

Alikwenda mchana wa siku ya kazi. Uani alimkuta bibi yake Kidoti, mama wa baba yake, ameketi mkekani na mjukuu wake ubavuni. Uji ulikuwapo, umepikwa alfajiri kama inavyotakiwa, mzito, una karanga, mchicha na yai.

Bibi akautia maji ya moto, akakoroga. Kisha akachukua chujio la chai na kuanza kuumimina. Karanga, majani na yai vilipobaki kwenye chujio, akavikung'uta chini. Kuku wakaja mbio kama walioitwa kwa majina.

"Bibi, unafanya nini?"

"Namlisha mjukuu wangu. Wewe unaona nini?"

"Unalisha kuku, bibi! Mtoto unampa maji!"

"Usinipigie kelele uani kwangu, mwanangu. Hata salamu hujatoa."

Ikabidi aanze upya. Shikamoo. Marahaba. Karibu kiti. Pokea maji ya kunywa. Muda wote huo kuku wanadonoa.

"Nilikuwa nachemka kuliko jiko," anasema Mama Mwiko. "Na wale kuku, nakuambia, hata kukimbia walikuwa hawawezi kwa unene."

Bibi alipoona mgeni ametulia, alimweleza. Siku ya kwanza ya uji wa karanga, mtoto alipaliwa. Midomo iliingia weusi, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

"Nilimlaza kifudifudi mapajani, nikampiga mgongoni, nikaita watu mpaka sauti ikanikauka," alisema. "Kipande cha karanga kikatoka. Wewe ulikuwa wapi na mwiko wako?"

Mama Mwiko alisogeza kiti karibu. Alibaki kutazama. Bibi alikuwa akipuliza kila kijiko, akikigusisha mdomoni mwake kwanza, kisha akifumbua kinywa pamoja na mtoto. Hakuchota kingine mpaka Kidoti amemeza.

"Darasani kwangu hakuna anayelisha hivyo," anakiri. "Wale wanasukuma kijiko, macho kwenye simu."

Jioni alimsubiri mama wa mtoto kwenye geti la karakana.

"Ulijua habari za chujio?"

"Nilijua, mwalimu."

"Na ukaniacha nikugombeze?"

"Ningesemaje? Yule ni mama mkwe wangu, na ndiye aliyemwokoa mtoto. Nikimwambia anakosea, kesho nani atakaa naye?"

Mama Mwiko anasimulia hayo kashika kichwa. "Miaka tisa nafundisha wanaopika. Anayelisha yuko nyumbani, hata siku moja sikumwalika!"

Alirudi kwa bibi na karanga zilizokaangwa. Wakatwanga, wakachekecha. Bibi akapekecha unga kwa vidole, akaukataa. "Bado huu. Rudia." Mama Mwiko akarudia. Akakataliwa tena. Mchicha bibi aliukatakata mwenyewe hadi ukawa laini kabisa. Uji ulipoiva, aliuonja akiutembeza kwenye ufizi, akitafuta chochote cha kumkwama mtoto. Hakupata kitu. Siku hiyo Kidoti alikula uji mzito, kijiko baada ya kijiko, na kuku wakazunguka uani bila kuitwa na mtu.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya kupimwa mara ya tatu. Mama alikuwa kazini, hivyo bibi ndiye aliyemleta. Kidoti ameongezeka gramu mia nne. Muuguzi amesema bado ni mdogo, ila wodini haendi. Arudi mwezi ujao.

Kwa Mama Mwiko, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kuanzia Jumamosi ijayo, anataka kila mama aje na yule anayebaki na mtoto, awe bibi, shangazi au jirani. Zahanati imekubali kuwaongezea mabenchi. Mkaa, imesema, ajitegemee. Anasonya akilisema hilo, kisha anaendelea kuhesabu nafasi za kukaa.

Wa kwanza kualikwa alikuwa bibi yake Kidoti, akaombwa kuwaonyesha wengine namna ya kulisha. Bibi alikubali, akaweka sharti.

"Yule mkwe wangu ulimgombeza kwa kosa langu," alimwambia. "Jumamosi tutakuja wote wawili, tutakaa benchi moja. Ukitaka kugombeza, anza na mimi."

Mama Mwiko anatikisa kichwa. "Sasa niambie wewe," anasema, "mtu kama huyo nitamwanzia wapi?"