Dawa Isiyogeuza Rangi ya Haibiskasi

Gari likiingia kwetu, mimi huangalia magurudumu kwanza. Nimeosha magari hapa Voi miaka mingi, na sasa magurudumu ninayasoma kama barua. Vumbi jekundu ni la hapa hapa mjini au la barabara za mbugani. Matope meusi yaliyokauka yakawa kijivu huletwa na magari ya Taveta, yaliyopita kando ya mifereji ya Mboghoni. Halafu kuna ule unga mweusi, laini kama masizi, wa wale wanaoteremka kutoka vilimani. Kona baada ya kona dereva anakanyaga breki, breki zinasagika, na unga wake unanasa kwenye rimu ingali moto. Nikichuchumaa pale mchana, maji yakaanza kutiririka, hunijia usingizi ambao si usingizi. Naona barabara zote hizo zikinipita miguuni, zikiingia mtaroni.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Alhamisi. Jumamosi yake mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, alikuwa anaolewa.

Tulizaliwa watatu. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mimi ndiye wa kwanza, na wakati huo nilikuwa kidato cha kwanza. Watu wazima wa ukoo walikaa wakapanga kutugawa, huyu aende kwa fulani, yule kwa fulani. Nilisema hapana. Nilivua sare ya shule, nikaikunja vizuri kana kwamba nitaivaa kesho, nikatafuta kazi ya mikono. Ndugu yetu wa kati alikua akaenda zake Mombasa kufanya kazi. Huyu mdogo nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukamzoea.

Kwa hiyo wakwe walipokuja kujitambulisha, na shangazi mmoja wa upande wao akauliza, "Sasa huyu binti atatolewa na nani?", sikungoja mtu mwingine ajibu.

"Atatolewa na mimi," nilisema.

Mzee wao akacheka. "Basi tumeshajua tukimkosea tutaulizwa na nani."

Siku hiyo hiyo nilisema gari la kumpeleka bibi harusi kanisani litatoka upande wetu. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka tu siku ile kitu kimoja kikubwa, kinachoonekana, kitoke kwetu.

Gari lenyewe lilikuwa la mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyekuja Voi akiwa kijana kutoka magharibi na hakurudi tena. Lilikuwa jeupe na la zamani, lakini rimu zake zilikuwa za alumini tupu, bila rangi, na kila Jumapili akitoka kanisani alizisugua kwa kitambaa mpaka uso wake uonekane ndani. Nilipomwomba gari, alikubali kabla sijamaliza sentensi.

"Chukua, msichana wangu. Mimi mwenyewe nitaendesha. Lakini rimu zangu uzitunze kama mboni ya jicho. Zikiharibika, mimi sina umri wa kutafuta zingine."

Wiki ile alikuwa amekwenda matanga Mghange, kule vilimani. Akateremka kwenye manyunyu, kisha gari likakaa juani siku tatu. Alipoliacha kwangu Alhamisi asubuhi, ule unga mweusi ulikuwa umekauka juu ya rimu kama ukoko wa wali.

Mwenzangu wa kazi, kijana mwenye watoto wawili ambaye huniita Mathe, yaani mama, ingawa amenizidi urefu mara mbili, alitazama akatikisa kichwa. Akaenda nyuma ya tangi, akarudi na mtungi wa plastiki usio na karatasi wala maandishi.

"Mathe, acha kujitesa. Hii unanyunyiza, unahesabu mpaka tano, unamwaga maji. Rimu inatoka kioo."

"Dawa gani?"

"Dawa ya rimu."

"Ndani yake kuna nini?"

"Kuna rimu safi, Mathe!"

Tulicheka. Akainyunyiza kwenye gurudumu la teksi yake mbovu iliyopumzika pale siku zote. Weusi ulitiririka kama chai, na chini yake pakatokea mng'ao. Harufu ilinichoma puani. Lakini sitasema uongo, niliitamani ile dawa. Niliiona Jumamosi kama naiota: jua kwenye ua wa kanisa, gari likisimama, shangazi yule akigeuza shingo, na magurudumu manne yakiwaka.

Kilichonizuia ni mawingu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilimwagia rimu za mama mmoja dawa kali ya kusafishia vyoo, kwa sababu kila mtu alifanya hivyo, na rimu zilikuwa bado za moto kutoka barabarani. Yalitokea mabaka meupe, kama mawingu yaliyoanguka kwenye chuma. Nilisugua mpaka vidole vikavimba. Yule mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hivi haya hayatatoka?" Hakurudi tena. Mpaka leo nikiona gari la rangi kama ya lile lake, natazama chini.

Nilikaa juu ya ndoo, mtungi mbele yangu, na akili ikaenda mbali, mpaka kwenye darasa lenye madirisha ya kijani. Ni somo la kemia, wiki yangu ya mwisho shuleni, ingawa sikujua kuwa ni ya mwisho. Mwalimu anaponda petali nyekundu za haibiskasi na spiriti. Anadondosha maji yake kwenye maji ya ndimu, yanakuwa mekundu. Anadondosha kwenye maji ya majivu, yanakuwa kijani. Darasa zima linasema aaa. "Msiniamini mimi," mwalimu anasema. "Muulizeni ua." Somo lililofuata sikulisikia. Lakini lile tone, likigeuka rangi polepole, nimeishi nalo miaka yote.

Kando ya kazini kwetu kuna kanisa lenye uzio wa haibiskasi nyekundu. Niliomba maua manne kwa mlinzi, nikanunua spiriti kwenye duka la dawa, nikaponda kwa jiwe ndani ya kikombe cha bati. Maji yalitoka ya zambarau.

"Mathe, unapika?"

"Napika. Kaa, utakula."

Nilipanga vifuniko vitatu vya soda. Cha kwanza nikatia dawa ya mtungi. Cha pili ile dawa yetu ya kutolea grisi kwenye injini, maana na hiyo wengine hupaka rimu. Cha tatu shampuu ya gari iliyochanganywa na maji. Kisha nikadondosha maua. Cha kwanza kikawa chekundu cha kuogofya. Cha pili kikageuka kijani kama jani bichi. Cha tatu kikabaki zambarau, hafifu kidogo tu, kama mtu aliyeamka.

Mwenzangu aliinama akatazama. "Sasa kijani ni nzuri au mbaya?"

"Zote mbili zinauma. Kila moja na upande wake, nyekundu wa ndimu, kijani wa majivu. Isiyogeuza rangi ndiyo mpole."

Alikuwa na shaka bado, nikachukua kifuniko cha sufuria kuukuu. Sufuria na rimu hizi ni ndugu, zote alumini. Nilimwagia tone la mtungi upande mmoja na tone la dawa ya grisi upande mwingine, tukangoja. Vipovu vikaanza, huku na huku. Tulipofuta, nilikuwa nayatazama tena yale mawingu yangu.

"Wewe shule uliacha lini?" aliuliza polepole.

"Kabla ya somo la pili."

Tulilisukuma gari kivulini, maana nilipogusa rimu kwa kiganja jua lilikuwa bado ndani yake. Tukangoja zipoe. Kisha nikaanza gurudumu moja moja: maji kwanza kuondoa mchanga usikwaruze, shampuu kwenye sehemu ya nyuma isiyoonekana, kuona kama kuna kitu kitageuka, halafu brashi laini, halafu mswaki kwenye kona, na maji tena kabla povu halijakauka. Weusi haukukimbia kama chai. Uliondoka kama mgeni asiyetaka kuaga. Nilisugua, nikasuuza, nikarudia, na mchana ukawa mrefu na mwepesi, wa maji na mwanga.

Saa kumi mdogo wangu alipita kutoka kujaribu gauni. Akanikuta kwenye gurudumu la tatu.

"Dada, Jumamosi watu wataniangalia mimi au magurudumu?"

"Wewe."

"Sasa?"

"Mimi nitaangalia magurudumu."

Akapandisha sketi akachuchumaa. Nilimwambia atazame kucha zake, akasema kucha zinapakwa tena. Angekuta natumia ule mtungi ningemfukuza mpaka ng'ambo ya barabara. Lakini maji haya ya shampuu nilijua yana nini, nikampa mswaki. Tulisugua gurudumu la mwisho pamoja. Povu lilimpanda mkononi kama glavu za harusi, akauinua juani, akatabasamu peke yake.

Doa moja lilikataa. Lilikuwa ndani ya tundu la nati, gurudumu la nyuma kushoto, dogo kama mbegu ya papai.

"Tone moja tu, Mathe," mwenzangu alisema. "Kwa pamba."

Nilikuwa nimechoka, na doa lilinitazama. Mdogo wangu aliniachia mimi, kama alivyoniachia mambo mengi.

"Liache," nikasema. "Rimu si yangu."

Jumamosi asubuhi mzee alikuja na suti yake ya kahawia. Hakusalimia. Alichuchumaa, magoti yakalia, akazunguka gurudumu kwa gurudumu. Kwenye la mwisho akaingiza kidole katika tundu.

"Hili la Mghange."

"Limenishinda, mzee. Kulikuwa na dawa ya kulitoa. Niliogopa itatoa na rimu."

Alitoa kitambaa mfukoni, akafuta mahali palipokuwa tayari pasafi. "Doa nitaishi nalo," akasema. "Mlete bibi harusi, tunachelewa."

Kanisani mchungaji aliuliza nani anamtoa binti huyu. Nilisema mimi. Yule shangazi alikuwa mbele kabisa, akilia kuliko watu wote. Sidhani kama aliona hata rangi ya gari.

Baadaye mzee aliwapandisha maharusi vilimani kwa chakula, akateremka nao jioni, kona baada ya kona. Jumatatu akaliingiza gari kwetu, magurudumu meusi upya, na sehemu ya utepe mweupe bado imenasa kwenye mlango.

Nilichuchumaa, nikaweka kiganja kwenye rimu ya kwanza, nikangoja ipoe.