Besi Niliyoichagua Nikiwa Nimekaa

Mimi ni mwoga, na sijawahi kulificha hilo. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, napiga gitaa la besi katika bendi ya kijiji chetu upande wa Mikumi, na niliogopa karibu kila kitu: nyoka, tembo waliotoka mbugani kuja kula mahindi yetu, na kuliko vyote, mkutano wa kijiji.

Huo mkutano nilikuwa na sababu ya kuuogopa. Msimu mmoja nyuma, dereva wetu wa trekta alisahau kutia maji, injini ikaungua. Akaitwa mbele, akasimamishwa juani, watu wakasema amehujumu mali ya umma. Gari likaja likamchukua. Aliporudi baada ya siku nne hakuongea tena kwa sauti. Nilikuwa nikimwona anapita na jembe begani najiambia, wewe, usije ukagusa kitu cha kijiji hata siku moja.

Basi wakanikabidhi kitu cha kijiji.

Mpaka wakati huo besi yangu ilikuwa ya kujitengenezea, mbao za sanduku la chai na nyaya za breki, naipiga nimekaa kwenye kigoda. Lakini mgeni kutoka mkoani alikuwa anakuja kufungua zahanati, na wazee wakaamua bendi ipige imesimama, na vyombo vya kweli. Mimi na Mwenyekiti wa kijiji tukapanda basi kwenda Kilosa. Mwenyekiti alikuwa mkata mkonge wa zamani, mzee mwenye kifua kipana na sauti ya kuita watu mashambani. Sikuwahi kumwona akiogopa kitu.

Muuzaji alikuwa mwanamuziki ambaye bendi yake ilivunjika, akawa anauza vyombo barazani kwake. Besi zilikuwa mbili. Moja ya rangi ya maziwa, nzuri mno, na bei yake ilimfanya Mwenyekiti akohoe. Ikabaki nyekundu.

"Vaa mkanda, ndugu, simama nalo," muuzaji akaniambia. "Gitaa hulijui mpaka umesimama nalo."

Mwenyekiti alikuwa ameshaketi kwenye kiti kifupi pale barazani. Nisimame vipi? Mzee amekaa, mimi nimsimamie kichwani, kiuno changu usawa wa uso wake, nijitingishe na gitaa mbele ya mtu baki! Kwetu hata maji ya kunywa humpi mzee bila kuinama. Nikasema nitalijaribu nikiwa nimekaa tu, nikaketi chini kwenye mkeka.

Pajani lilitulia kama mtoto aliyeshiba. Shingo yake ilikuwa nyembamba, imenifaa mimi mwenye vidole vifupi, na nyuzi hazikuhitaji kukandamizwa sana.

"Linakufaa?" Mwenyekiti akauliza.

"Linanifaa, Mwenyekiti."

Tulipofika kijijini nikavaa mkanda, nikasimama. Akapita bibi mmoja, nikaliachia kwa mkono wa kushoto nimwamkie vizuri. Kichwa cha gitaa kikashuka moja kwa moja, nusura kigonge ardhi. Tumbo lake lilikuwa dogo na jepesi, shingo ndefu, na kule juu kuna funguo nne za chuma za kukazia nyuzi. Ukisimama nalo, mkono unaotakiwa kukimbia kwenye nyuzi unageuka kuwa mpagazi. Wimbo wa pili kiwiko kiliwaka moto, wa tatu vidole vikawa vinachelewa.

"Besi yako ina usingizi," wenzangu wakacheka.

Nikacheka nao. Lilinunuliwa kwa pesa ya pamba ya kijiji kizima, na mimi ndiye niliyesema linanifaa.

Nilijaribu kila njia. Nilifupisha mkanda. Jirani mfugaji akanipa kipande cha ngozi ya ng'ombe, nikakishona chini ya mkanda ili usiteleze begani. Kilisaidia kidogo, na kikanichubua shingo. Zikabaki siku tatu mgeni aje. Nilishindwa kula. Nikaona heri nijipeleke mwenyewe kuliko kuja kuitwa.

Nilimkuta Mwenyekiti mlangoni mwa ghala la kijiji, nikamwambia yote.

"Simama nalo nikuone," akasema.

Nikasimama. Nikaachia mkono. Kichwa kikaanguka.

"Kule Kilosa mbona hukusimama?"

"Ulikuwa umekaa, mzee."

Akalishika gitaa, akaupima uzito wa mkia wake kwa kiganja. Nikajua anatafuta maneno ya kunipeleka mkutanoni. Kisha akageuka, akafungua kufuli la ghala, chuma kikubwa cha tangu enzi za mashamba ya wazungu, kizito kama jiwe la kusagia dawa. Akalining'iniza kwenye mkanda, pale unaposhikana na mkia wa gitaa. Kichwa kikapanda taratibu, kikakaa sawa. Niliachia mkono mara tatu, hakikushuka.

"Siku yenyewe uje ulichukue asubuhi," akasema. "Na usimwambie mtu."

"Na ghala, mzee?"

"Ghala niachie mimi."

Kijijini hakukuwa na kufuli jingine la maana. Ndani ya ghala mlikuwa na mbegu na chakula cha kila nyumba. Nilipoelewa alichokusudia tulikuwa tumeshapanda jukwaani, mgeni amekaa, na kiti cha kando yake, kiti cha Mwenyekiti, kiko wazi. Mwenyewe nilimwona mbali kule, amekaa kizingitini mwa ghala, mgongo ameuegemeza mlangoni.

Nilipiga siku ile kama sijawahi kupiga. Vidole vilikimbia. Lakini hofu ilikuwa imehama kwangu, imekwenda kukaa kule kizingitini na yule mzee. Mgeni alimnong'oneza katibu wa kijiji, akionyesha kile kiti. Katibu akageuza shingo huku na huku. Nikamwomba Mungu tumalize. Wimbo wa tatu ulipokwisha watu wakashangilia, mgeni mwenyewe akasimama, akataka mwingine. Kisha mwingine tena. Kila wakipiga makofi niliwachukia.

Tulipoachiwa nilikimbia na kufuli mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wameniulizia?"

"Wamekuulizia, mzee."

Akalichukua, akajaribu kulitia kwenye pete ya mlango. Chuma kikagonga chuma, kokoko, kokoko. Halikuingia. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. Nikaushika mkono wake, tukalitia pamoja, nikalifunga.

"Kule Kilosa," akasema bila kunitazama, "mimi nilikaa kwa sababu magoti yalikuwa yanagongana. Ile pesa ya watu."

Akajifuta jasho kwa kofia yake. Tukaenda kumsalimia mgeni, yeye mbele, mimi nyuma, wote wawili tukiogopa.