Karatasi Safi ya Sefania

Sefania alishuka kutoka Mtae akiwa kijana mwenye mabega mapana, akaajiriwa kufagia katika hospitali moja karibu na Lushoto. Mabega hayo ndiyo yaliyomponza. Mtoto akikataa kutulia apigwe picha ya eksirei, anaitwa Sefania aje amshike. Miaka thelathini na moja alishika watu ndani ya chumba kile, mpiga picha mwenyewe kajibanza nyuma ya ukuta wake, na hakuna aliyewahi kumwambia asante. Alistaafu na kinyongo, akaenda kulima kabichi Soni.

Sasa binti yake Jenoveva kapata mchumba, Alen. Huku kwetu posa haikubaliwi kabla ukoo haujachunguzwa: kuna kifafa? Kuna wendawazimu? Safari hii Secilia, shangazi yake Alen, alikuja na jipya.

"Mionzi," alisema, hata shikamoo hajatoa, na Sefania kampita miaka kumi na tano. "Tumesikia inaharibu mbegu ya mtu. Na mwanao Valentino mkono wake hauna vidole. Tunataka karatasi."

Jamani! Sefania alitamani kumtoa nje na ufagio. Lakini Jenoveva alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza, na huyu alikuwa mchumba wa tatu. Wawili wa kwanza walikimbia walipouona mkono wa kaka yake. Akameza hasira zake.

Kesho yake akaenda hospitali. Watumishi wa eksirei huvaa kibeji kifuani cha kupima mionzi, na vipimo vyake vilikuwa bado kwenye faili. Kila mwaka, karibu na sifuri. Daktari kijana akamgongea muhuri.

"Hata ungezidi kidogo, mzee wangu," alisema, "wataalamu wamefuatilia watoto wa watu waliopata mionzi mingi kuliko wewe, hawakukuta kasoro kuzidi za watoto wengine. Mkono wa Valentino siwezi kukuambia umetoka wapi."

Sefania aliaga haraka. Msimamizi wao wa zamani alitishia kumfukuza kazi atakayepoteza kibeji, basi yeye alikifungia chake kabatini tangu siku ya kwanza, akawa anakitoa kila baada ya miezi mitatu kipelekwe kusomwa. Kilichopimwa miaka yote ile ni kabati.

Jumapili baada ya ibada Secilia aliisoma karatasi mara mbili, akacheka kwa raha. "Hongera, mzee. Wewe ni safi, na binti kachukua damu yako. Tutampokea." Kisha akamgeukia Yusta, mke wa Sefania, aliyekuwa anamimina chai. "Kumbe ule mkono umetoka kwenu, mama. Basi Jenoveva akijifungua, usije kumwogesha mtoto. Tutamwogesha wenyewe."

Yusta aliweka birika chini. Tangu Valentino azaliwe alikuwa akinong'onwa, lakini hakuna aliyewahi kumtamkia usoni, tena nyumbani kwake.

"Koma!" Sefania alilipuka. "Kibeji sikuwahi kukivaa! Kilikaa kabatini! Mionzi niliyokula hakuna anayeijua, hata mimi siijui. Ukitaka wa kumlaumu, nilaumu mimi. Mke wangu mwache!"

"Ala! Mlitaka kutuuzia mbuzi kwenye gunia." Secilia aliitupa karatasi mezani, akajifunga kanga yake, akatoka bila kuaga.

Hapo ndipo Sefania alipozinduka. Alimkimbilia hadi barabarani, mzee mzima, anahema. "Subiri! Daktari kasema hata ikizidi, watoto hawadhuriki!"

"Daktari yupi?" Secilia hakugeuka. "Yule uliyemdanganya?"

Aliporudi ndani alimkuta Yusta analia, kashika mkono wa Jenoveva. Binti alikuwa hana hata chozi.

"Umemtoa mama lawama, baba," alisema. "Ukanivika mimi."