Mwiko wa Kombe

Majken Wiklander alikuwa na wana wawili wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni, na Jumamosi ile ya Julai wote wawili walimpandisha mori.

Mdogo, Torkel, alishatwaa dhahabu ya Olimpiki na ya dunia, na mwezi uliopita timu yake ikachukua kombe la ligi ya Amerika. Hakuna taji kubwa lililombakia. Kila mchezaji wa timu bingwa hupewa kombe siku moja alipeleke kwao, basi sasa lilikuwa bustanini kwa Majken, juu ya meza, na nusu ya mji imelizunguka na vidole vya siagi.

"Jamani, nawani kwanza!" Nani amsikilize.

Lakini shida yake hasa ilikuwa Sixten, mkubwa, miaka thelathini na mbili, mchezaji wa ligi ya pili. Kwa mwiko wa wachezaji, ambaye hajalishinda kombe lile haligusi. Akiligusa, ndiyo basi, hatalipata maishani. Majken, aliyewanolea wote wawili vyuma vya viatu vya barafu tangu utotoni, hakuwa amemkatia tamaa huyu. Tangu asubuhi alishasogeza meza mara tatu ili Sixten akipita asiliguse hata kwa bega.

"Torkel, mwambie kaka yako apitie nyuma ya nyumba!"

"Apitie nyuma kama mwizi, mama? Si kwao hapa?"

"Nimeshasema!"

Jirani yao Gösta, mdomo umejaa samaki wa chumvi, akapata pa kuchekea. "Kutangulia si kufika, au vipi Sixten? Njoo upige picha na kombe la mdogo wako!"

Majken akamgeukia. "We Gösta, kula unyamaze. Neno moja tu lingine, utaondoka na sahani yako."

Sixten akaja na birika la kahawa, akalitua mezani. Akafuta viganja kwenye suruali. Halafu akalishika kombe kwa mikono miwili, akalinyanyua juu ya kichwa.

Hata Gösta aliacha kutafuna.

"Sixten! Una wazimu? Weka chini!"

"Nimeacha kucheza, mama. Tangu Aprili. Jumatatu naanza kazi kiwanda cha mbao."

"Aprili? Na wiki iliyopita nimekunolea viatu! Nimekaa na jiwe saa nzima, mgongo unaniuma, nawe umesimama hapo unaniangalia!"

"Ulikuwa unavinoa kwa furaha, mama. Nikashindwa kukwambia."

Torkel akainamisha kichwa. Bila shaka alijua. Majken akajua kwamba alijua, na hilo likamchoma zaidi. Akamwendea Sixten, ameshika kiuno, tayari kumpa vipande vyake mbele ya watu wote. Akaona kombe limeanza kuinama upande, na mwanawe bado amelishikilia juu.

"Zito hilo," alisema. "Nipe upande mmoja."