Kikombe Kilichokaa na Nguo za Kazi

Binti yangu alipoajiriwa kuwa mkemia kwenye shamba la ngano la serikali, watu wa Nangwa walikuja kunipongeza kana kwamba ni mimi niliyefaulu mtihani. Mimi nilisoma ngumbaru tu, jioni baada ya kukamua, na hiyo kemia sikujua kama ni kitu cha kula au cha kuvaa. Nilichokijua upesi ni harufu yake. Jumamosi ya kwanza alirudi na lori la shamba, na kabla hajaingia uani nikaisikia: kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na vitunguu vilivyooza, na chini yake utamu fulani wa kuchefua unaobaki kooni. Ng'ombe waligeuza vichwa. Nikatema mate.

Alisimama mbali nami, akasema, "Shikamoo mama. Usinisogelee kwanza."

Akaenda nyuma ya zizi, akavua nguo za kazi akazitundika kwenye mti wa ua, akaoga kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawa nyekundu. Ndipo akaja kunisalimia vizuri. Kukawa hivyo kila wiki. Kikombe chake cha bati, alichokuwa anakwenda nacho kazini, kilikaa huko huko nyuma na zile nguo. Alikuwa na sahani yake peke yake. Mtoto wa dada yake alimlilia, naye hakumbeba mpaka ipite siku. Mtu akimpa mkono akitoka kazini, yeye anaficha wake nyuma na kuinamisha kichwa.

Nilimwuliza mara moja tu. Mimi sipendi kuzunguka. Akanieleza kwamba dawa hizo zinapita kwenye ngozi kama maji yanavyopita kwenye udongo, na kwamba harufu ikiisha haimaanishi dawa imeisha. Nikaelewa. Sikuhitaji darasa jingine.

Yeye alikuwa amesomea kupima udongo, na kupima ngano yenyewe kama imekauka vya kutosha na kama unga wake utaumuka. Ndicho alichoahidiwa. Lakini maabara ya shamba ilikuwa chumba chenye meza, sinki lisilo na maji, na mizani iliyokufa, basi wakampeleka ghala la dawa, apime dawa ya kuua magugu na ile nyekundu ya kupaka mbegu. Wenzake walikuwa wanaume. Walikoroga dawa kwenye pipa kwa mkono mtupu mpaka kwenye kiwiko, wakajifuta kwenye suruali, kisha wakala ugali. Yeye alipovaa glovu wakamwita bibi harusi.

Redio siku zile ilikuwa inahubiri kwamba taifa linataka wanasayansi, wanawake wasibaki nyuma. Jioni nyingine redio hiyohiyo ikasema kwamba nchi za nje zimeanza kuacha baadhi ya dawa za mashambani kwa ubaya wake. Binti yangu alisikiliza akila makande. Akasema, "Hizo wanazoziacha ndizo tunazozipokea sisi." Akaendelea kula.

Sasa nieleze jambo la huku kwetu, maana asiyelijua hataelewa uchafu uliofuata.

Sisi tuna desturi ya kutenga mtu. Kwa lugha yetu huitwa metimani. Mtu aliyefiwa, aliyeungua moto, mwanamke aliyeharibikiwa na mimba, hao huhesabiwa kuwa wamepata mkosi, na mkosi unaambukiza. Aliyetengwa haingii nyumba ya mtu, hatumii kikombe cha mtu, hapewi mkono, hachoti maji wanapochota wenzake. Akisalimiwa anasalimiwa kwa mbali. Kule Bashay nilikozaliwa, shangazi yangu mmoja alitengwa mpaka akasahau kucheka. Na binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, huyo zamani alifukuzwa kabisa, aende bondeni akaokotwe na wafugaji, kana kwamba wafugaji ni jalala la kutupia watoto wetu. Tulipobatizwa tukasema hayo tumeyaacha. Tuliyaacha mdomoni.

Basi fikiria macho ya jirani. Anamwona msichana mzima, hajaolewa, amerudi kutoka mahali penye wanaume wengi. Anaogea nyuma ya zizi. Ana kikombe chake. Habebi mtoto. Haguswi mkono. Nani angehitaji kuambiwa zaidi?

Nilianza kuona kanisani. Akikaa kwenye benchi, wenzake wanasogea kama maji yanayokimbia mteremko. Kisha siku moja njiani tulikutana na bibi mmoja ambaye nimemlimia shamba lake alipokuwa mgonjwa. Binti yangu akasema shikamoo. Yule bibi akatazama mlima, kana kwamba Hanang ndio kwanza umeota pale asubuhi hiyo, akapita. Huku kwetu shikamoo ya mtoto haiachwi hewani. Hata mwizi ukimkamata akikuamkia unaitikia marahaba kwanza, ndipo unampiga.

Jirani yangu, kiongozi wa kwaya ya akina mama, ndiye aliyekuja kusema waziwazi. Alikaa kwenye kigoda changu, akanywa chai yangu, akasifu maziwa.

"Dada," akasema, "kama mtoto ametoa mimba ungetuambia tu. Sisi ni watu wa Mungu, tungekusaidia kuficha."

"Mtoto wangu anafanya kazi na sumu."

"Sumu gani hiyo inayomkataza kubeba mtoto wa dada yake?"

"Hiyohiyo."

"Mbona wanaume wa huko wanapeana mikono na kula sahani moja?"

"Kwa sababu ni wajinga."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Wote wajinga, isipokuwa wa kwako."

Nilimwambia akimaliza chai aende. Alipoondoka nilikisugua kile kikombe alichonywea kwa majivu, mara mbili, na siyo kwa sababu ya desturi yoyote.

Yangeishia hapo ningevumilia. Lakini msimu ule ilipatikana nafasi. Wafadhili wa shamba walitaka mkemia mmoja akasome ng'ambo mwaka mzima, ajifunze kazi ya maabara kwa mashine nzuri, arudi kuongoza maabara ya maana. Binti yangu ndiye aliyekuwa na masomo yaliyotakiwa. Bwana mkubwa wa shamba alimwambia kwa kinywa chake kwamba nafasi ni yake, ila mtu wa kwenda nje lazima kwanza kijiji chake kimseme kuwa ana mwenendo mzuri. Siku zile ndivyo ilivyokuwa. Nilimwona akirudi na habari hiyo. Alikuwa anaimba akioga.

Mkutano uliitwa Jumapili baada ya ibada, nje ya ofisi ya kijiji. Upepo ulikuwa unatupa vumbi usoni. Bwana mkubwa alikuja mwenyewe na gari, amevaa suti ya kaunda, akakalishwa kwenye kiti kando ya mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno juu ya binti huyu. Kisha yule wa kwaya akasimama, akasema yeye hana ubaya na mtu, ila kijiji kisije kikamsafisha mtu ambaye kwao wenyewe wamemtenga.

Nikasimama nikasema sijamtenga mwanangu. Nikaeleza dawa, ngozi, nguo, yote. Nilisema vizuri, bila matusi, na ilinigharimu.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka kwenda nyumbani akale. Akasema jambo ni rahisi: kiletwe kile kikombe cha binti kinachokaa nyuma ya zizi, kitiwe maji, mama yake anywe mbele yetu. Aliyetengwa hakuna anayekubali kunywa kikombe chake. Mama akinywa, basi hakuna mkosi, na maneno yaishe. Watu wakaitikia, wamefurahi kupata kitu cha kutazama.

Nikasema nitakunywa. Mtu akakimbia kukileta. Wakakijaza maji ya mtungi wa ofisi wakanipa. Kilikuwa na ile harufu, ndogo, pale kwenye ukingo. Nimekunywa mabaya zaidi ya hayo kwa sababu ndogo zaidi. Nilikiinua.

Binti yangu akapita katikati ya watu, akanishika mkono, akakimwaga chini.

"Hiki hapana, mama," akasema. "Hiki kimekaa na nguo za kazi."

Mwenyekiti akamwambia amwache mama yake anywe, ni kwa faida yake. Naye akajibu kwa heshima, lakini kwa sauti ya kusikika na wote: "Mzee, leteni kikombe chochote cha jikoni kwa mama. Nitakunywa mimi, atakunywa yeye, atakunywa na mwingine yeyote anayetaka. Hiki hakinywewi na mtu."

Kungekuwa na akili pale, ingetosha. Lakini watu walitaka kile. Yule wa kwaya akapiga kofi moja. "Si mmesikia? Kama si mkosi, anaogopa nini?"

Nilimwambia mwanangu kwa lugha yetu, taratibu, kwamba funda moja halitaniua, anipe nimalize upuuzi huu apande ndege yake.

Akaniambia, "Kila siku nawaambia vijana ghalani wasinywe na vikombe vya kazi. Mama yangu akinywa hadharani, Jumatatu nitawaambia nini?"

Nilitazama upande wa bwana mkubwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na jibu. Kwenye mlango wa ghala lake palichorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili, na ni yeye aliyeamuru lichorwe. Alijua kila kitu alichokuwa anakisema mwanangu. Neno lake moja lingetosha: ni kweli, ni sumu. Watu wangemwamini yeye kwa sababu ya gari tu. Lakini akilisema hilo, vijana waliokuwa wanakoroga kwa mikono mitupu wangelisikia pia, na wengine walikuwa pale, wanacheka.

Alikuwa anachokonoa meno na kijiti cha kiberiti. Akakitoa, akakitazama kilichonaswa, akakifuta kwenye ukingo wa kiti. "Kila jamii ina mila zake," akasema. "Mimi siwezi kuingilia."

Nimeona mambo mengi ya kutapisha. Nimetoa ndama aliyeoza tumboni mwa ng'ombe, mkono wangu ukiwa ndani mpaka begani. Sijawahi kuona kinyaa kama nilichokiona kwenye kile kijiti.

Kijiji hakikumsema vibaya. Hakikumsema kabisa. Ikawa imetosha.

Wiki iliyofuata nilikwenda shambani kwa miguu mpaka ofisi ya yule bwana. Aliniamkia vizuri, akaita mtu aniletee soda. Nikamwambia sijaja kunywa. Akaanza kunieleza kwamba nafasi imekwenda kwa kijana wa Masakta, kijana mzuri, na kwamba mwaka mwingine huenda ikatokea nyingine, binti avumilie, na kwamba hata hivyo mwanamke akisomeshwa huolewa, taifa likapata hasara. Alikuwa anaongea kama mtu anayesoma tangazo. Huyo kijana wa Masakta nilikuwa namjua: mkorogaji hodari wa kwenye pipa, mikono imebabuka kama muhogo uliomenywa. Hakuwa na kosa. Alikuja mwenyewe nyumbani kumwomba binti yangu radhi, na binti yangu akampa glovu zake akatumie huko.

Nilipoinuka kuondoka, bwana mkubwa akamwita karani alete mfuko wa unga wa ngano. Zawadi, mama, kwa usumbufu. Ulikuwa unga mweupe mzuri, ambao sisi tuliozungukwa na ngano mpaka upeo wa macho tulikuwa tunauona Krismasi tu.

"Mwanangu hakuja hapa kuombwa radhi kwa chapati," nikamwambia. "Ulijua, ukanyamaza."

"Mama, hujui kazi hizi zilivyo."

"Nimeziona. Zinanuka, na wewe umeziweka karibu na pua za watoto wa watu."

Nikauacha mfuko mezani. Baadaye nikasikia gari la shamba liliushusha kwa akina mama wa kwaya, wakaandaa chapati za kumkaribisha mchungaji. Niliitwa. Nilituma jibu kwamba nina kazi ya kuzoa samadi.

Binti yangu alimaliza msimu ule pale ghalani. Kila Jumatatu alipanda lori, na kila Jumamosi aliteremka akaoga nyuma ya zizi kama kawaida, watu watazame wasitazame. Nilimwambia aache. Akasema akiacha katikati ya upuliziaji, ufunguo wa ghala utapewa yeyote aliye karibu. Ngano ilipovunwa, akaacha. Alikuwa ameomba kazi ya kufundisha kemia katika shule ya sekondari ya mbali, wakamkubali. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa shamba, na mashine za ng'ambo alizikosa maisha yake yote. Sitapamba hilo. Alikuwa na uwezo wa kuwa mkubwa katika kazi yake, na alizuiwa na watu wanaosali.

Asubuhi ya kuondoka nilimfungia mahindi ya kukaanga na maziwa ya mgando. Nikamwuliza kama wanafunzi wa huko watamsikiliza akiwaambia kitu.

Akasema hajui.

Nikamwambia aende hivyohivyo, na awaambie.