Nondo wa Mama Furaha

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua za kwanza hapa Kasulu, mwanangu, nilipofungua mlango wa ghala letu na nondo wakanirukia usoni. Si wawili watatu. Lilitoka kundi zima, wadogo, rangi ya vumbi, wengine wakanasa kwenye kitambaa changu cha kichwa. Nilikuwa bado mke mchanga, nimekabidhiwa ufunguo na kikundi chetu cha akina mama tuliokausha ndizi na mananasi, na ufunguo wenyewe nilikuwa nauvaa shingoni ili kila mtu auone. Unacheka? Hata wewe wa kwako nimeuona hapo shingoni.

Ndani ya ghala kulikuwa na mfuko mmoja usio wetu. Ulikuwa wa Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo aliyeishi kambi ya Nyarugusu. Alikausha mananasi vizuri kuliko sisi sote, lakini hemani kwake kulikuwa na unyevu, akatuomba tumhifadhie hadi siku ya gulio. Alitegemea mfuko ule umpatie binti yake sare na viatu vya shule. Ulikuwa umelala kwetu siku chache tu.

Akina mama walipofika wakakuta ndizi za msimu mzima zimefungwa utando, funza wanatembea juu yake. Wote wakanigeukia mimi, mwenye ufunguo. Niliogopa, mwanangu, na woga ule ndio ulionipa ulimi. Nikasema wadudu wameletwa na mfuko wa kambini. Nikaubeba, nikautupa nje kwenye mvua, na Mama Furaha mwenyewe alikuwa amesimama pale uani, amekuja kuuchukua auwahishe sokoni.

“Mama, miye sikuleta bidudu,” akasema taratibu. “Angalieni muzuri mu nyumba yenu.”

Nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu hapa. Hakuna aliyemtetea. Akainama, akaokota mfuko uliolowa, akaenda zake.

Shangazi yangu, aliyekuwa mwenyekiti wetu, siku hiyo alikuwa Kibondo msibani. Aliporudi akasimuliwa yote. Hakunigombeza. Alileta ngazi, akaiegemeza ukutani ndani ya ghala, akaniambia nipande nikatazame juu. Kapu la juu kabisa, lililokaribia kugusa bati, lilikuwa na ndizi tulizokausha Julai, na lote lilikuwa utando mtupu. Kwenye nyufa za boriti kulikuwa na vifukofuko vya nondo, vitupu, vikuukuu, vimeshika vumbi. Kapu la chini, kwenye sakafu ya baridi, lilikuwa na funza wachache tu.

“Mwana wanje,” akaniita kwa Kiha chetu, yaani mwanangu, “mfuko wa yule mama umeingia juzi. Na hivyo vifukofuko ni vya juzi?”

Nikagusa kimoja kwa kidole, kikapukutika vumbi.

“Nani alikuwa anaacha vichanja vya kukaushia wazi jioni, nondo wakitagia ndizi?”

Ni mimi. Nilikuwa naona uvivu kuvifunika, nawahi nyumbani kuota moto. Mayai yakaingia ghalani pamoja na ndizi. Baridi na ukavu wa kiangazi viliwachelewesha wadudu, wengi wakafa, waliobaki wakakua polepole, nasi tukadhani ghala ni salama. Kisha jua la Septemba likapasha bati, mvua ikaleta unyevu, ndizi zikalainika, na wachache wale wakazaana upesi upesi. Mfuko wa Mama Furaha uliingia wakati huohuo. Mimi nikauona mfuko, joto na unyevu sikuviona.

“Alikuwa mgeni wako,” shangazi akasema, “ukamfukuza kwa uchafu wako mwenyewe. Naona haya kukuita mtoto wa kaka yangu.”

Gulio lililofuata nikamtafuta. Nilimkuta amekaa na mananasi yake, yameingia ukungu, watu wanayatazama na kupita. Nikamvuta nyuma ya vibanda, nikamwomba radhi kwa sauti ya chini.

“Nimekusamehe, dada,” akasema. “Lakini ulinitukana mbele ya bamama bote. Musamaha unaniombea huku pa siri?”

Nikamwahidi nitasema kwenye kikao cha kikundi. Kikao kikafika, nikaona aibu, nikasema moyoni nitasema kijacho. Kijacho nacho nikanyamaza. Baadaye nikasikia amerudi Kongo na binti yake. Wale akina mama wengine wamezeeka, na wengine tumewazika, wakiamini nondo waliletwa na mkimbizi.

Ndiyo maana leo nimekuita wewe na kikundi chako chote. Asubuhi hii nimesikia ukisema mbele za watu kwamba nondo wa mwaka huu wameletwa na yule mama wa Mabamba aliyewaachia maembe yake makavu. Hebu niambie, ulipanda juu kutazama?

Mwanangu, funika vichanja kabla jioni haijaingia. Kausha hadi tunda likikunjwa lisitoe maji, uliache lipoe ndipo ulifunge, maana likifungwa na moto wake linatoa jasho. Tumia vyombo vyenye mifuniko ya kubana, uvipange chini penye baridi, mbali na bati. Mvua zikikaribia fungua kila kimoja ukague, kwa kuwa huo ndio wakati wa nondo. Na ukimtukana mtu mbele za watu, mwombe radhi mbele za watu haohao, siku hiyohiyo, kabla aibu haijakuzoea.

Mimi nasema leo, mbele yenu wote, na najua nimechelewa: Mama Furaha hakuleta nondo. Niliwafuga mimi.

Sasa nenda ukamwombe radhi, na hawa wenzako wakusikie. Yule mama wa Mabamba bado yuko stendi na maembe yake, anasubiri gari la kwao. Mungu akupe ghala kavu na ulimi mwepesi wa kuomba radhi, wala usizeeke na aibu kama hii yangu.